Uso wa Saruji Penye Njia ya Sikonge

Ukimwamkia Fundi Sanamu shikamoo, hakuwa akiitikia marahaba kama watu wengine. Alikuwa anauliza, "Mzigo wangu umeutua wapi?" Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na kati yetu kuna utani tangu siku za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani na kupita kwa babu zake. Kwa utani huo alikuwa na ruhusa ya kuniita mtumwa wake mbele ya wateja wangu, kuninyang'anya soda iliyo mkononi, na kuniambia kwamba nina shingo ya mtu aliyezaliwa na gunia kichwani. Mimi nami nilikuwa na ruhusa ya kumjibu. Kilichokatazwa ni kimoja tu, kukasirika. Anayekasirikia utani ameaibika mwenyewe, na watu humcheka mara mbili.

Naandika habari zake nikiwa nimekasirika, kwa hiyo hesabu kwamba nimeshaaibika, tuendelee.

Nilimfahamu miaka mingi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, na yeye ndiye mtu wa kwanza mjini hapa kumpa kazi mwanamke mwenye mashine ya kuchomelea. Wenzake walikuwa wakija kunitazama kama wanaotazama mbuzi anayepanda ngazi. Yeye alikuja na nyundo, akaipiga kona ya geti niliyokuwa nimeiunga asubuhi ile, akaipiga tena, akaipiga mara ya tatu kwa hasira kabisa. Haikuachia. Akasema Wanyamwezi hawana akili lakini kufunga mzigo wanajua, na kesho yake akaniletea kazi ya mifupa ya simba wa hoteli. Mifupa ndivyo alivyoziita nondo zinazoungwa kwanza, kabla ya kuvikwa wavu wa kuku na kukandikwa saruji. Tangu siku ile hakuna sanamu yake iliyosimama bila mifupa yangu. Mashine yangu ilipoungua aliniletea yake juu ya toroli bila kuombwa, na hakuiulizia hadi nilipoirudisha mwenyewe baada ya miezi minane. Haya nayasema mapema ili nisije nikayasahau huko mbele.

Mikono yake ilikuwa imeliwa na saruji. Alama za vidole zilikuwa zimefutika kabisa, hata tulipoambiwa tusajili laini za simu kwa vidole, mashine ilimkataa. Yule binti wa kusajili alimfuta kidole kwa kitambaa, kwa mate, kwa spiriti, mashine ikakataa. Fundi akatoka pale akijigamba mtaa mzima kwamba serikali haimjui. Laini yake ikasajiliwa kwa kidole cha mkewe, na tangu hapo kila aliyempigia alikuwa anapiga kwa mama mmoja mpole wa Kiloleni, kwa mujibu wa karatasi.

Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni bila kupepesa, kama muuza nyama anavyotazama ng'ombe aliye hai. Hakuwa akitazama urembo. Alikuwa akitazama mahali ngozi inapoanza kushindwa. Harusini alimwambia bibi harusi kwamba taya lake lingemshuka akifika miaka arobaini, na kwamba ajitahidi kucheka sana kabla ya hapo. Jirani yetu mmoja alitoka hospitali akiwa amebaki mifupa na macho, watu wote wakamwambia amependeza, anaendelea vizuri. Fundi akamzunguka polepole, akamwambia, "Sasa ndiyo umepata uso. Ugonjwa huu ulichelewa tu kukufikia." Watu walicheka, maana jirani yule naye ni Mnyamwezi, na alicheka pia. Nakumbuka alicheka akiwa ameshika ukuta.

Kuhusu miti na mvua alikuwa mtu wa kuogopesha. Angeweza kukuambia ni kisima gani kilikauka mwaka gani, mvua za kwanza zilianza lini alipohamia Tabora na zinaanza lini sasa, na ukimwambia kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu alikuwa anakujibu kwamba Mungu hakushika shoka. Lakini yeye huyo huyo hakunywa chai iliyochemshwa kwa gesi. Alisema inanuka wodi. Mkewe aliwasha jiko la mkaa asubuhi na jioni, na gunia la mkaa lilikaa nyuma ya mlango, chini ya picha alizochora za misitu iliyoungua. Jukwaa alilopandia kujenga sanamu zake lilikuwa la nguzo za miti mibichi, nyingine za mininga kabisa, miti ya mbao za thamani, na kazi ikiisha aliziacha watu wazichukue kuni. Nilimwuliza siku moja amepanda miti mingapi maishani mwake. Akasema yeye si mkulima, yeye ni shahidi.

Semina alizichukia kupita kiasi. Alisema semina ya mabadiliko ya tabianchi inaanza na maombi na kuisha na soda, na katikati watu wanaandikishwa majina. Sanamu nzuri ya kupendeza nayo aliiita pambo la sebuleni. Ya barabarani, alisema, lazima imchome mtu, apite pale akiwa na safari yake na afike anakokwenda akiwa na kidonda.

Kwa hiyo ulipokuja mradi uliotaka sanamu kubwa ya kuwaamsha watu juu ya tabianchi, isimame penye njia ya Sikonge ambako malori ya tumbaku yanapita, Fundi alijiandaa kama mtu anayekwenda kuoa. Wenzake walipeleka michoro ya mama ameshika mche, na watoto wameizunguka dunia wameshikana mikono. Yeye alipeleka mpagazi. Mpagazi wa zamani wa Unyamwezi, mrefu kama nguzo ya umeme, mbavu zimetokeza, miguu imezama katika udongo uliopasuka hadi kwenye muundi, kichwa kimeelekezwa juu kutazama wingu ambalo halipo. Begani mzigo. Mchoro haukuonyesha mzigo gani. Wakubwa wakapenda, wakasema ni historia yetu hiyo, ni utalii huo.

Sasa lazima nimlete baba.

Baba yangu alilima tumbaku kijijini kwetu Ntalikwa na baadaye upande wa Sikonge kwa zaidi ya miaka ishirini. Tumbaku haiuziki mbichi. Inakaushwa kwa moto ndani ya bani, kibanda cha kukaushia, usiku na mchana, siku nyingi mfululizo, na moto ule unakula magogo kwa kasi ambayo asiyeiona hawezi kuiamini. Baba alikata. Kila mtu alikata, lakini baba alikuwa hodari, alikata kuliko wengi. Miti hiyo ndiyo iliyonisomesha ufundi. Kisha mwaka mmoja aliacha. Hakuambiwa na semina. Alikwenda kutafuta magogo, akatembea tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kukuta mti unaomfaa, akarudi na baiskeli tupu. Akaanza kuweka mizinga ya nyuki katika kipande cha msitu kilichobaki, akawa anaotesha miche nyuma ya nyumba na kuipanda mwenyewe, na mjini akapata meza sokoni ya kuuza asali. Alikuwa anapenda meza ile. Watu walimfuata kwa maneno yake kuliko kwa asali.

Yeye na Fundi Sanamu walikutana karakanani kwangu, wakapatana siku hiyo hiyo kama watu waliotafutana. Baba alikuwa akimwambia kwamba Mzaramo akionyeshwa jembe anauliza linapigwa upande gani. Fundi alikuwa akimchukulia kofia na kukaa nayo hadi apewe asali ndipo aiachie, kwa sababu mtani akichukua kitu chako unakikomboa, hukidai. Nilikuwa nikizima mashine niwasikilize. Nadhani nilikuwa na furaha zaidi siku hizo kuliko nilivyojua.

Siku moja tu utani ulisimama. Baba alikuwa amekaa juu ya ringi ya gari akisubiri usafiri wa kurudi Ntalikwa, na mvua zilikuwa zimechelewa kwa wiki nyingi. Akasema, bila kuulizwa, kwamba huwa anahesabu mabani aliyochoma, na kila akihesabu anaona msitu ule kaumaliza yeye. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akitazama viatu. Nilisubiri Fundi aseme neno la kumcheka ili mambo yarudi sawa. Alikuwa akimtazama baba usoni, hapepesi.

Wiki ileile akamwomba uso. Alimwambia anamtafuta mpagazi wa kweli, mwenye damu ya wapagazi, na babu yake baba kweli alikuwa mpagazi aliyefika pwani na kurudi zaidi ya mara moja. Baba alikubali kabla sentensi haijaisha. Alinyoa ndevu, akavaa kanzu ya Idi. Fundi akamlaza mkekani, akampaka mafuta ya nazi, akamtia mirija miwili puani, akamfunika uso kwa plasta ile ya hospitali ya kufungia mifupa iliyovunjika. Baba alilala pale kimya, mikono kifuani. Akatolewa akiwa na weupe kwenye nyusi, anacheka, anauliza kama ametoka mzuri. Fundi akapima ule uso kwa bikari, mkunjo kwa mkunjo, akazidisha mara nne.

Mifupa ya mpagazi niliiunga mimi. Nitalisema hilo mara moja tu. Kila kiungo cha mtu yule, goti, nyonga, uti wa mgongo, ni mkono wangu. Begani Fundi aliniambia niweke nondo mbili ndefu za kushikia mzigo, nami nikadhani ni pembe ya ndovu. Sehemu ya juu ilikaa chini ya turubai hadi siku ya kuzindua.

Siku hiyo baba alikaa viti vya mbele. Alikuwa amewaleta majirani wa Ntalikwa, gari zima. Turubai likavutwa. Uso ulikuwa ni wake, Mungu nisamehe, ulikuwa ni wake kuliko alivyokuwa nao yeye mwenyewe. Kila kitu alichokisema siku ile juu ya ringi ya gari kilikuwa pale, mdomo umeachama, macho yameomba na kukosa. Begani palikuwa na gogo. Gogo lililokatwa, na shoka limebaki limeng'ang'ania ndani yake. Na chini, kwa herufi ambazo dereva wa lori anaweza kuzisoma bila kupunguza mwendo, Fundi alikuwa ameandika: HUYU NDIYE ALIYEMALIZA MITI. MVUA MWULIZENI YEYE.

Watu wakamtazama baba. Wakatazama juu, wakamtazama tena. Fundi akaja akisokota masharubu, akainama mbele yake, akasema kwa sauti ya watu wote, "Mtani, nimeutua mzigo wako mahali pazuri?"

Baba akacheka. Angefanya nini? Alisimama, akampiga Fundi bega, akasema Mzaramo huyu leo kaniweza, akacheka hadi machozi yakamtoka, na uwanja mzima ukapumua na kucheka naye. Mgeni rasmi alicheka. Mimi nilicheka. Nimeshajiuliza mara nyingi ingekuwaje kama mmoja wetu asingecheka, na jibu ni kwamba hakuna aliyejua jinsi ya kutocheka.

Baba alirudi sokoni siku tatu. Siku ya kwanza walikuja kumwuliza mvua lini, kwa mzaha, na alikuwa na majibu. Siku ya pili majibu yalianza kujirudia. Siku ya tatu mama mmoja aliyetoka Igunga, ambako ng'ombe walikuwa wameanza kufa, alimwuliza bila mzaha. Alisimama mbele ya asali akasubiri aambiwe. Baba akafunga meza saa tano asubuhi. Meza ile akampa mtu mwingine, na asali akawa anamwuzia mchuuzi anayeifuata kwa baiskeli.

Sanamu ilifanya kazi yake, nisiwe mwongo. Walimu walileta wanafunzi kwa mistari. Walikuja watu na kamera. Nimesikia wakulima wakibishana pale chini kuhusu bani linalokula kuni kidogo, ubishi ambao semina haikuwahi kuuzaa. Na mwaka wa ukame, wanawake waliotoka kisimani na ndoo tupu walikuwa wakipita pale wanampiga yule mpagazi kibao cha goti. Kuna waliomtupia matope. Njia ya kutoka kwetu kuingia mjini inapita hapo hapo, hakuna nyingine, na baba aliona yale matope kwenye uso wake siku ya mwisho aliyokuja mjini kwa miguu yake.

Sasa kuhusu kuomba. Nilikwenda kwa Fundi mara ya kwanza nikamwambia mzee analalamika kapewa pua ya Kizaramo, kwa hiyo kichwa kibadilishwe. Tukacheka. Mara ya pili nilikwenda na jogoo, nikasema nimekuja kuukomboa uso wa baba kama desturi inavyotaka. Akamchinja, akamla, akanyonya mifupa, akasema huyo alikuwa wa sikio moja, nilete wengine. Tukacheka. Mara ya tatu baba mwenyewe alituma asali, na ujumbe kwamba kichwa kile kinaumwa shingo, kiruhusiwe kulala. Fundi akajibu kwamba kikilala malori yatakikanyaga. Niliufikisha ujumbe ule Ntalikwa, na baba akacheka kidogo, akaingia ndani.

Nilimwuliza pia, katika mizaha ileile, kwa nini hakuchagua mkata miti mwingine, wako tele wanaokata hadi leo na hawajapanda hata mche. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama anavyotazama nyuso zake. Akasema wale hawana kitu usoni, ni baba yako peke yake aliyekuwa nacho. Kisha akaongeza kwamba sanamu nzima ni ya mzee, ila tumbo ni langu, maana mimi ndiye niliyekula miti ile. Nilirudi karakanani nikashindwa kushika mashine hadi jioni. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu nilimchukia.

Pahali alipokuwa mtu kamili ni msibani. Huko hakuwa na mpinzani Tabora nzima. Akifa Mnyamwezi, watani hawangojei kualikwa kwa kadi, wanapelekewa habari, na kazi yao ni kuufanya msiba ubebeke. Fundi alikuwa akifika amevaa nguo za marehemu kabla mjane hajajua zimetolewa wapi. Alitembea kama marehemu, akakohoa kama yeye, akaingia kaburini kabla ya maiti na kulalamika kwamba nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu bahili kiasi kile, akataka apangishwe chumba. Shehe alikuwa ananuna na kutazama pembeni. Wafiwa walikuwa wakicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nimewahi kumwona mjane aliyekaa siku mbili bila kumeza kitu akila wali kwa sababu Fundi alitishia kuumaliza. Baba alikuwa akisema Mnyamwezi asiyezikwa na mtani wake amezikwa kama mgeni aliyefia njiani. Na alisema kwa jeuri, maana yeye alikuwa na mtani aliye bora kuliko wote.

Baba aliugua mwaka juzi mwishoni. Alichelewa kwenda hospitali, na sababu ya kuchelewa naijua. Kila nikimwambia twende aliniuliza tutapita vipi pale penye sanamu. Mwishowe tulimpakia kwenye gari amelala, na tulipokaribia pale akaniomba nimfunike uso. Nilivua kanga yangu nikamfunika baba yangu uso akiwa mzima, anapumua, tukapita. Alifariki mwezi wa nne. Tukamzika Ntalikwa, karibu na miche yake.

Kaka zangu waliniuliza nani amempelekea Fundi Sanamu habari. Nikasema nimeshampelekea. Sikuwa nimempelekea. Yeye macho yalikuwa yameanza kumwisha kwa mtoto wa jicho, hatoki, na simu yake ilikuwa mbovu, hivyo habari isingemfikia isipokuwa kwa mtu. Walimsubiri hadi alasiri. Watani wengine walikuwepo wawili watatu, vijana, waligonga ndoo kidogo, wakaona haya, wakaacha kabla ya kutania. Watu walisema Fundi huenda ameogopa. Nilikaa na kanga yangu kichwani nikiwasikiliza, na nilikuwa na raha, raha ya kweli, ya kwanza tangu turubai lile livutwe. Nilimnyima baba mtani wake ili nimnyime mtani baba yangu, na kwa siku ile sikuona kwamba ni kitu kimoja.

Karibu mwaka ukapita. Ikaja habari kwamba sanamu itakarabatiwa na kupakwa rangi, na kazi ya vyuma nimepewa mimi. Nikamwuliza msimamizi kama kichwa kinaweza kubadilishwa. Akasema yeye hana neno, mradi aliyeitengeneza aandike barua kwamba ameridhia. Nikachapisha barua hiyo mwenyewe, nikaenda nyumbani kwa Fundi, Kiloleni.

Nilimkuta barazani amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa na ukungu mweupe, akanigeuzia sikio badala ya uso. Nilimwamkia. Akauliza mzigo wake umetuliwa wapi. Nilivuta kigoda nikakaa karibu, nikamwambia yale ambayo sikuwahi kuyasema, kwamba uso ule ulimtoa baba sokoni, ulimfunga kijijini, kwamba aliona matope yale, kwamba hakuna hata siku moja aliyoufurahia, na kwamba nimekuja na barua nataka utoke. Nilisema yote bila kucheka. Ilinichukua dakika chache tu.

Maji yalikuwa yanapoa kwenye beseni.

"Mbona hukusema?" akaniuliza.

Nikamwambia nilisema mara tatu.

"Ulikuja na jogoo," akasema. "Ukacheka. Mzee alicheka kuliko watu wote, nilimsikia kwa masikio haya. Mtu akinicheka nami namcheka. Ningejuaje, mwanangu?"

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilitaka kumwambia kwamba alijua, kwamba mtu anayeona taya la bibi harusi miaka ishirini kabla hawezi kukosa kuona uso wa rafiki yake ukianguka mbele ya watu. Hadi leo sijui kama alijua. Alinyoosha mkono akaitaka barua. Nikamwekea kidole mahali pa kusaini, akaandika jina lake kubwa, la kupanda na kushuka, akanirudishia. Ikawa imekwisha. Kitu nilichokililia miaka yote kilichukua muda wa kusaini karatasi.

Kisha akaanza kufuta miguu kwa haraka, akamwita mkewe amtafutie viatu. Alisema asingengoja, angekwenda Ntalikwa leo hii kwa bodaboda, amwombe mzee radhi mdomo kwa mdomo, bila utani, na kichwa kipya angekitengeneza kwa kupapasa hata kama ni kibaya. Akaniuliza mzee siku hizi anaamka saa ngapi kutoka usingizi wa mchana.

Nikamwambia, "Tulimzika, Fundi. Mwezi wa nne mwaka jana."

Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Hakuuliza aliugua nini. Hakuuliza kwa nini hakuambiwa, nadhani alilijua jibu kabla sijakaa kwenye kigoda. Aligeuka, na safari hii alinielekezea uso wake wote, na macho yale yasiyoona yakanitafuta.

"Nani alimtania?" akauliza.

Nilikuwa nimeisubiri sura ile ya kwake mwaka mzima. Nilikuwa nimeitengeneza kichwani mara nyingi, mkunjo kwa mkunjo, na nilipoipata niliona ni sura ya mtu mzima aliyefiwa tu.

"Hakuna," nikamwambia.

"Hata mmoja aliyeingia kaburini?"

"Hakuna aliyeingia."

Akakiweka kile kiatu chini taratibu, akakipapasa hadi kikakaa sawa na mwenzake.

"Kwa hiyo alizikwa kama mgeni," akasema.

Nikamwambia ndiyo, kama mgeni.